Kwa nini "yokatta" na si "ikatta": kivumishi ii cha Kijapani na maumbo yake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Moshi. Kwa kuwa napata wageni wa Kijapani, nimeanza kujifunza lugha yao peke yangu, kwa simu na kitabu cha kuazima. Vivumishi vinavyoishia na i nilidhani nimevimaliza: unaondoa i, unaweka katta, umepata wakati uliopita. Takai, takakatta. Samui, samukatta. Juzi nikamwambia mgeni "ikatta desu", akatabasamu akanisahihisha: "yokatta". Hiyo yo imetoka wapi? Rafiki yangu naye anasema "yokatta deshita" ndiyo yenye heshima zaidi, ni kweli? La mwisho ndilo linaloniumiza kichwa. Nilimuuliza mama mmoja kama atakunywa kahawa, akajibu "ii desu". Kitabu changu kinasema maana yake ni "ni nzuri", basi nikammiminia. Aliipokea, lakini uso wake uliniambia kuna jambo. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Macho yako hayakukudanganya: yule mama alikuwa ameikataa kahawa, tena kwa upole kabisa. Nitalifikia hilo na nitakaa nalo kuliko mengine, maana ndilo litakalokufaa kazini. Lakini kwanza tuiweke sawa hiyo yo. Ukishaijua asili yake, kazi ya kukariri inapungua sana.

Kivumishi hiki kina sura mbili, yoi (よい) na ii (いい), na yenye umri mkubwa ni yoi. Katika Kijapani cha kale kilikuwa yoshi kikifunga sentensi, yoki kikitangulia nomino, na yoku kikitangulia kitenzi. Maumbo yote matatu yamo ndani ya shairi moja fupi la Mfalme Tenmu katika Man'yōshū, mkusanyo wa mashairi wa karne ya 8. Mfalme anapasifia mahali paitwapo Yoshino huku akicheza na yoki, yoshi na yoku mpaka shairi zima linakaribia kuwa neno moja. Baadaye k ya yoki ilidondoka matamshini, ikabaki yoi, na umbo hilo la kutangulia nomino likachukua pia kazi ya kufunga sentensi. Wala hayo hayakulipata neno hili peke yake. Takaki ikawa takai, samuki ikawa samui. Ile i unayoiondoa kila siku ni masalia ya ki.

Sasa angalia upande wa pili. Katika yoku, takaku na samuku, k haikudondoka. Na wakati uliopita ulijengwa juu ya umbo hilohilo la ku, likaunganishwa na kitenzi ari, yaani "kuwa" au "kuwepo", pamoja na kiambishi tari cha jambo lililokwisha. Yoku, ari, tari: vikasagika pamoja kwa karne kadhaa hadi vikawa yokatta. Kwa hiyo katta unayoibandika mwishoni ina mambo mawili ndani yake, k ya kivumishi chenyewe na "ilikuwa". Hilo la pili lishike vizuri, kwa sababu tutalihitaji tukifika kwa rafiki yako.

Imebaki ii. Katika usemi wa kila siku wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, yoi ililainika ikawa ii. Ulainishaji huo uliwezekana pale tu yo ilipokutana na i. Kwenye yoku, yokatta na yokereba, yo imekutana na k, kwa hiyo hapakuwa na cha kulainika. Ndiyo maana katika Kijapani sanifu ii ina kiti kimoja tu: wakati uliopo, bila ukanushi. Ukitoka hapo kwenda popote pengine, iwe ukanushi, wakati uliopita, sharti au kielezi, unarudi kwenye yo. Walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba ii ni kivumishi kilichoasi kanuni. Mimi siupendi sana usemi huo. Yoi hakijaasi lolote; kinabadilika kama takai, herufi kwa herufi. Kilichotokea ni kwamba umbo lake moja lina jina la utani, na jina hilo la utani ndilo unalolisikia mara nyingi zaidi.

Japani yenyewe haikukubaliana juu ya jina hilo. Wageni wako wa Osaka na Kyoto utawasikia wakisema ee badala ya ii, lakini wakienda wakati uliopita nao wanasema yokatta. Na ukipata mgeni wa Fukuoka au Kumamoto, kule kisiwa cha Kyushu, huenda akakuambia "yoka, yoka" ukimwomba radhi kwa kuchelewa. Hiyo yoka nayo imetokana na yoku na kile kitenzi cha "kuwa", na ukiiweka kando ya yokatta undugu wao unaonekana wazi.

Tuje kwa rafiki yako. "Yokatta deshita" si ya heshima zaidi. Ni kosa, ingawa ni kosa lenye sababu nzuri kwetu sisi tunaosema Kiswahili. Sisi tunasema "safari ilikuwa nzuri". Wakati umebebwa na ilikuwa, na nzuri kazi yake ni kupatana na ngeli: safari nzuri, kitabu kizuri, watu wazuri, mahali pazuri. Kijapani kimepanga kinyume. Nomino haikigusi kivumishi hata kidogo: ii tabi ni safari nzuri, ii hon ni kitabu kizuri au vitabu vizuri, ii hito ni mtu mwema au watu wema. Hakuna ngeli, hakuna umoja na wingi. Lakini wakati, ukanushi na sharti vyote vinabebwa na kivumishi chenyewe, kama kitenzi. Msemaji wa Kiswahili akifika hapo anaitafuta "ilikuwa" yake, anaiona deshita, anaibeba: "ii deshita". Akisahihishwa na kuambiwa yokatta, anaona bado kuna nafasi tupu mwishoni, anairudisha palepale.

Nafasi hiyo si tupu. Desu inayokaa baada ya kivumishi cha i haimaanishi "ni". Imewekwa kwa adabu tu. Ukiwa na rafiki yako wa rika unaiacha, na sentensi inabaki kamili: "Tabi wa yokatta." Safari ilikuwa nzuri. Wakati uliopita umeshasemwa na katta, hausemwi mara ya pili. Kwa mgeni unaongeza desu, basi: "Yokatta desu."

Deshita ina wenyewe, nao ni nomino pamoja na kundi lile jingine la vivumishi, vile vya "na", yaani vinavyochukua neno la Kijapani na vikitangulia nomino. Ame deshita, ilikuwa mvua. Shizuka deshita, palikuwa kimya. Kirei deshita, ilikuwa ya kupendeza. Hilo la mwisho liwekee alama, maana kirei linaishia na i machoni na masikioni, lakini ni la kundi la na. Ukisema "kireikatta" utakuwa umeanguka shimo la upande wa pili.

Nadhani najua rafiki yako alikoipata deshita yake, na nitakuonyesha nikikupa maumbo yenyewe. La kawaida linatangulia, la heshima linafuata. Ni nzuri: ii, ii desu. Si nzuri: yokunai, yokunai desu, au kwa adabu iliyonyooka zaidi, yoku arimasen. Ilikuwa nzuri: yokatta, yokatta desu. Haikuwa nzuri: yokunakatta, yokunakatta desu, au yoku arimasen deshita. Umeiona? Deshita imetokea kwenye ukanushi wa wakati uliopita, lakini pale inakifuata kitenzi arimasen, ambacho hakina namna nyingine ya kwenda wakati uliopita. Mtu akiisikia hapo anadhani ni ya kivumishi, anaihamisha.

Zingatia pia kwamba nai, ile ya ukanushi, yenyewe ni kivumishi cha i. Ndiyo maana yokunai inakwenda yokunakatta kwa njia ileile ambayo takai inakwenda takakatta. Huna haja ya kulikariri umbo hilo la nne. Limejengwa kwa matofali uliyonayo.

Na hata "ii desu" yenyewe haikukubalika kirahisi. Wataalamu wa sarufi wa kizazi kilichopita waliona kumbandikia kivumishi desu ni usemi wa ovyo. Adabu ya kweli kwao ilikuwa yō gozaimasu au yoroshū gozaimasu. Mwaka 1952 Baraza la Lugha la Taifa la Japani, katika mwongozo wake kuhusu lugha ya heshima, likakubali kwamba kivumishi na desu ni usemi mwepesi unaofaa. Mtindo ule wa zamani haujafa, na wewe unautumia tangu siku ya kwanza: ohayō gozaimasu imetoka kwa hayai, mapema, arigatō imetoka kwa arigatai, omedetō imetoka kwa medetai.

Yako maumbo mengine matano ya kuyajua mapema. Yokute huunganisha: "Tenki ga yokute, kaze mo nakatta desu", hali ya hewa ilikuwa nzuri, wala hapakuwa na upepo. Yokereba na yokattara ni za sharti, na yokattara utaitumia kila siku kazini kwa maana ya "ukipenda": "Yokattara, koko de shashin o torimashō", ukipenda tupige picha hapa. Yosa ni nomino, ule uzuri au ubora wenyewe. Na la tano ni yosasō, "inaonekana nzuri", ambapo sa imeingizwa katikati bila kuomba ruhusa. Vivumishi vingine vinapokea sō moja kwa moja, takasō, samusō, oishisō, lakini yoi na nai vinataka sa: yosasō, nasasō. Ukisema "iisō" utaeleweka vibaya, kwa sababu sauti hiyo ni ya kitenzi iu, kusema, yaani "anaelekea kusema".

Kuna mtego mwingine hapo karibu ambao vijana huupenda bila kujua. Kakkoii, mtanashati au wa kuvutia, ni kakkō na ii vilivyoshikana, kwa hiyo kinafuata ii: kakkoyokatta, kakkoyokunai. Vivyo hivyo kimochi ii, kuona raha mwilini, inakuwa kimochi yokatta. Lakini kawaii, ya kupendeza kama mtoto, haina ii ndani yake hata kama unaisikia. Inatokana na neno jingine kabisa, kawayui, na inabadilika kwa kanuni ya kawaida: kawaikatta, kawaikunai. Ukimwambia mtu mtoto wake alikuwa "kawayokatta" atacheka mpaka chozi, ingawa hatakuchukia.

Kuhusu maana, kitabu chako kimekuambia "nzuri" na hakikukosea, ila neno letu zuri limebeba sura na uzuri wa kuonekana, na ii kwa kawaida halibebi hayo. Ii hito ni mtu mwenye moyo mwema. Ukitaka kumsifu mtu kwa sura, sema "kirei na hito", mtu mwenye sura nzuri. (Zipo ii otoko na ii onna, mwanamume na mwanamke wa kuvutia, lakini hizo ziache kwanza mpaka umezisikia zikitumiwa, maana zina utani na zina hatari.) Mlima wako pia ni kirei, ukisema "ii yama" Mjapani anaelewa mlima unaopandika vizuri, wenye njia nzuri na mandhari ya kuridhisha. Ii linapima kufaa. Tenki ga ii, hali ya hewa inafaa. Atama ga ii, ana akili. Naka ga ii, wanaelewana. Tsugō ga ii, muda au nafasi inaruhusu. Un ga yokatta, bahati ilikuwa upande wetu.

Yoku, kielezi chake, kina maana mbili zinazochanganya wanaoanza: "vizuri" na "mara kwa mara". Yoku nemashita ka, umelala vizuri? Swali hilo muulize kila mgeni kila asubuhi kambini. Yoku kimasu, huja mara kwa mara. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha ipi. Ukiiweka yoku na naru, kuwa, unapata "kupata nafuu", na kwa mtu wa kazi yako hiyo ni sentensi ya lazima: "Guai wa yoku narimashita ka?" Hali yako imepata nafuu? Mgeni anayeumwa kichwa kwa ajili ya mwinuko utamuuliza hivyo kabla ya kuamua mnaendelea au mnashuka.

Halafu ii lina kazi kubwa ya kubeba ushauri, ruhusa, majuto na shukrani, na hapa Kiswahili kinakupa msaada ambao kamusi za kigeni hazina. Chukua neno heri. Tunasema "heri uende polepole", na tukijuta tunasema "heri ningelijua". Kijapani nacho kinafanya vyote viwili kwa kivumishi kimoja. Ushauri: "Yukkuri aruita hō ga ii desu", heri utembee polepole. Kitenzi kimewekwa katika umbo la wakati uliopita, aruita, ingawa safari iko mbele. Usishangae, ndivyo ushauri wa kukubali unavyojengwa. Ushauri wa kukataza unatumia nai ya wakati uliopo: "Isoganai hō ga ii desu", afadhali usiharakishe. Majuto: "Tebukuro o motte kureba yokatta", laiti ningelileta glavu. Sentensi hiyo utaisikia sana usiku wa kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, na anayeisema hakuulizi kitu, anajilaumu mwenyewe.

Shukrani na faraja huja na te yokatta. "Noborete yokatta desu": nafurahi nimeweza kupanda. Mkishuka mpaka lango la Mweka, hiyo ndiyo sentensi ya mgeni aliyeridhika, na jibu lako ni "Yokatta desu ne", ambalo maana yake ni kwamba furaha yake umeipokea. Mtu akikuambia habari njema yoyote, kwamba mwanawe amefaulu au begi lililopotea uwanja wa ndege limepatikana, "yokatta desu ne" inatosha. Na yokatta peke yake, ikitamkwa kwa kupumua, ni "afadhali!" yetu tunapoambiwa kwamba mtu amefika salama. Haisemi kwamba kitu fulani kilikuwa kizuri hapo zamani. Anayeitafsiri "ilikuwa nzuri" hapo anapoteza maana yote.

Sasa kahawa.

Yule mama aliposema "ii desu", jiulize ni nini hasa kilikuwa ii. Kijapani mara nyingi hakitaji kiima, na wewe ulikijaza mwenyewe: kahawa ni nzuri. Yeye alikuwa anaisifia hali yake ilivyo, bila kahawa. Niko vizuri hivi nilivyo, usijisumbue. Katika lugha ambayo kusema "hapana" usoni mwa anayekukirimu ni ukali, hilo ndilo kataa la kiungwana. Sisi tunalo. Ukimkuta mtu wa Pwani anakula akakuambia "karibu", ukajibu "starehe", neno hilo halina ukanushi ndani yake hata kidogo, lakini mwenyeji ameshaelewa kwamba hutanawa. Wala hakuongezei sahani kwa sababu umetaja raha.

Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kuangalia kilichopendekezwa ni nini. Ukimpa mtu kitu, chakula, kinywaji, mto wa kulalia, kubebewa begi, basi "ii desu", "kekkō desu" na "daijōbu desu" zote ni kukataa, na vijana siku hizi wanaitumia daijōbu desu kuliko nyingine. Anayekubali hatumii ii. Atasema "Onegaishimasu", naomba, au "Itadakimasu", napokea, au "Hai" ikifuatiwa na mojawapo. Kutokuwepo kwa maneno hayo ndiko kunakokupa jibu. Mara nyingi utaona na dalili za mwili: kiganja kinapungwa mbele ya kifua, kichwa kinainama kidogo, na kabla ya ii kuna "a" au "iya". "Mō ii desu" ni kataa la wazi zaidi: imetosha. Ikitamkwa kwa sauti kavu inakuwa "basi, yaishe", na hapo mtu amekasirika.

Ukipendekeza mpango badala ya kitu, mambo yanageuka. "Tuanze saa kumi na moja alfajiri?" Akijibu "Ii desu ne", amelipenda wazo. Hiyo ne ndogo mwishoni ndiyo inayobeba makubaliano. Inasema mimi na wewe tunaliona hivyo. Na ukiomba ruhusa, "Shashin o totte mo ii desu ka?", naweza kupiga picha, jibu "Ii desu yo" ni ruhusa. Lakini yo hiyohiyo, baada ya kumpa mtu kitu, inaweza kuwa "hapana, usijali". Sauti ndiyo inayoamua, na hilo huwezi kulipata kitabuni. Ukiwa na shaka, uliza kwa kitenzi ambacho jibu lake halina njia mbili: "Nomimasu ka?", utakunywa? Au tumia swali la heshima, "Kōhī wa ikaga desu ka?", kisha subiri onegaishimasu. Isipokuja, weka birika chini.

Tahadhari moja ya kazi yako. Te mo ii desu inampa mtu ruhusa, na anayetoa ruhusa amejiweka juu. Mgeni akikuuliza kama anaweza kukaa, usimjibu "Suwatte mo ii desu yo". Mwambie "Dōzo", karibu. Na wewe unapomwomba yeye ruhusa, pandisha ii iwe yoroshii: "Yoroshii desu ka?" Ni kivumishi cha i kama vingine, chenye yoroshikatta yake, na mtoto wake yoroshiku bila shaka unamjua kutoka yoroshiku onegaishimasu. Ila ushauri wa usalama, ule wa hō ga ii, usiuonee haya. Juu ya mlima wewe ndiye unayejua.

Kuna kitu kingine utakisikia kikakuchanganya: "Ii ja nai desu ka!" Umefundishwa kwamba ja nai ni ukanushi, na ni kweli kwa nomino na vivumishi vya na. Kwa ii ukanushi ni yokunai. Kwa hiyo mtu akisema "ii ja nai" hakanushi, ni kama tunavyosema "si nzuri hii!" tukiwa tunasifia. Vijana wameenda mbali zaidi, wanasema "yokunai?" kwa sauti inayopanda, maana yake "au wewe huioni nzuri?" Wewe usiiseme bado, ila uitambue.

Matamshi nayapitia haraka. Ii ni irabu mbili, ishike muda wa mbili. Tt ya yokatta nayo inashikwa: ulimi unasimama kidogo kabla ya ta, tofauti na "yokata". Ni tofauti inayobadilisha maana kwenye maneno mengine, kita ni alikuja, kitta ni alikata. Na ulimi wetu wa Kiswahili unapenda kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tukasema yoKAtta. Kwa Kijapani cha Tokyo sauti iko juu kwenye yo, kisha inashuka. NHK World, redio ya Japani inayotangaza pia kwa Kiswahili, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili. Yasikilize kwa ajili ya sauti, hata kama sarufi unaiona rahisi.

Ukijiandaa kwa JLPT, mtihani wa kupima uwezo wa Kijapani, ngazi ya N5 ambayo ndiyo ya chini kabisa, jua kwamba ni wa kuchagua majibu, hauna sehemu ya kuzungumza. Unaweza kuitambua yokunakatta kwenye karatasi na bado ikakukwama kooni mbele ya mgeni. Kwa hiyo siku ikiisha, isimulie kwa sentensi nne za sauti: tenki wa yokatta, michi wa yokunakatta, gohan wa oishikatta, yama wa kirei deshita. Hali ya hewa, njia, chakula, mlima. Katika hizo nne umepita kwenye ii, ukanushi wake, kivumishi cha kawaida cha i na kivumishi cha na, kila kimoja kwa umbo lake.

Na ukianza kuandika, ii iandike kwa hiragana, herufi za silabi za Kijapani, いい, kwenye ujumbe wa simu na barua za kirafiki. Kwa kanji, herufi zenye asili ya Kichina, 良い husomwa yoi katika matumizi rasmi, nayo inafaa barua pepe ya kampuni inayokuletea wageni. 善い ni ya wema wa kimaadili na huenda usiihitaji kabisa. Yoi hudumu pia katika salamu zilizoganda, kama "Yoi otoshi o", mwaka mwema. Hiyo husemwa siku za mwisho za Desemba kabla mwaka haujageuka; ukishageuka salamu ni "Akemashite omedetō gozaimasu". Wageni wanaopanda kipindi cha mwaka mpya utawaona wakizitumia zote mbili ndani ya safari moja.